Mutoto wa Nyota Ndogo

Shituru, Likasi, 22 juni 2025

Yaya Étienne,

Sasa hivi mutoto amevuta kitambaa ya meza, chai yote chini, naye anacheka! Miezi saba tu, na iko na kilo kumi na mbili. Yaya, uko muzima? Kazi ya kuendesha gari ya wale wachunguzi wa nyota inaenda? Sisi tuko na afya, ila moyo wangu hapana.

Unanijua, miye mufupi. Bwana yangu Magloire naye mufupi. Basi mama yake, Mama Mado, anakataa kumupa mutoto jina ya babu, Banza. Anasema mbele ya bantu: "Panya gani anazaa mbuzi? Atuambie baba ni nani!" Magloire anaenda kuvunja mawe ku Kakontwe, anarudi, ananyamaza. Yaya, sikutoka inje ya ndoa yangu hata siku moja. Mutoto tunamuita tu Bebe.

Mudogo wako,
Fidélie

Sutherland, Afrika Kusini, 9 julai 2025

Mudogo wangu,

Salamu kwako na kwa huyo muvunja vikombe. Miye muzima, baridi tu inanitesa.

Sikia. Juzi wachunguzi niliobeba walibishana mu gari. Kuna nyota ndogo, nyekundu, uzito wake kama sehemu moja ya tano ya jua letu. Vitabu vilisema nyota ya vile haina gesi na vumbi ya kutosha kuzaa sayari kubwa. Na sasa wamekuta inazungukwa na sayari jitu, pana kupita Saturni! Nikauliza: "Basi, nyota imeiba mutoto?" Muzee mumoja akacheka sana: "Hapana. Mutoto ni wake. Vitabu vyetu njo vimepungua."

Musomee Mama Mado.

Yaya yako,
Étienne

Shituru, 4 augusti 2025

Yaya wangu,

Baridi imekuachilia? Huku tuko wazima, wazima kabisa!

Jana kisha misa niliwasomea Magloire na mama yake barua yako ku meza, bukari ya unga ikapoa mu sahani. Mama Mado akauliza: "Na hao wenye akili walikubali walikosea?" "Ndiyo, mama." "Mbele ya bantu?" "Mbele ya bantu."

Hapo Magloire akaweka kijiko chini. "Mama, mutoto ni wangu. Nilikawia kusema."

Mama Mado alimutazama mwana wake. Kisha akakumbuka mujomba wake, muvuvi wa ziwa Tshangalele: wazazi wafupi, lakini yeye mukubwa hata akiingia mutumbwi, wenzake wanashuka. Akacheka peke yake, akaenda bila kuaga.

Leo amerudi mapema, amefunga mutoto mu mugongo, anamutembeza kwa majirani akijivuna. Yaya, nilikuwa nimesahau kupumua ni nini. Ninamusikia pale inje: "Mama Banza! Mama Banza, kuja umushushe, Banza ananivunja mugongo!" Yaya, umesikia ameniita namna gani?

Mudogo wako,
Fidélie