Tumeipiga Window Kompyuta Yako, Baba

Baba,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana hata ulipokuwa hai ulikuwa unaitikia huku macho yako yako kwenye kioo cha kompyuta, na mimi nimesimama mlangoni na mzigo kichwani. Ni mimi, Manka. Leo nimefunga kibanda cha mitumba mapema. Mvua inaipiga Kiboriloni bila huruma, hakuna mteja wa kunijaribia hata soksi, na nina habari ambayo nikiendelea kukaa nayo nitapasuka.

Kompyuta yako imepona!

Subiri, usinikatize. Nakujua. Nitakusimulia tangu mwanzo.

Tulipokwisha kukuzika pale kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na Babu, Mama aliifunika mashine yako kwa kile kitambaa chake cha kufuma cha maua mekundu, na hakuna aliyeigusa. Ikakaa hivyo hadi mwenyekiti wa kwaya alipokuja. Sikukuu ya Mavuno inakaribia, akasema, na kwaya inataka kuimba wimbo wako wa mwisho, ule uliokuwa umeanza kuwafundisha. Walikuwa wamekariri ubeti wa kwanza tu. Tukamwuliza, noti ziko wapi? Akatutazama kwa huruma. Wewe na noti, Baba! "Noti ziko kooni," si ndivyo ulivyokuwa unasema? Ulikuwa unajifungia chumbani, unaimba sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, zote peke yako, unazirekodi kwenye kompyuta, halafu kila kundi linakuja kusikiliza sauti yake. Haya, koo umeondoka nalo. Tukabaki na kompyuta.

Tukaiwasha. Mae wee! Zamani ilikuwa nzito, lakini ilikuwa inafika. Ulikuwa unaiwasha, unakwenda kukata majani ya ng'ombe, unarudi, bado inafikiri. Safari hii iligoma kabisa. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha giza. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chako akasema, "Ipeni muda, ndivyo ilivyo." Tukaipa muda. Mtori ukaiva, ukaliwa, vyombo vikaoshwa. Giza lile lile.

Nikampigia Eliya huko Dar nikiwa nimeweka sauti kubwa, kosa langu hilo. Mwanao akasema, bila hata kupumua, "Pigeni window tu. Au itupeni, nitawaletea mpya." Mama akaweka kikombe chini. Akasema nyumba hii haitupi mtu, akaingia jikoni, na tangu hapo hakupokea simu ya Eliya. Alipiga asubuhi, alipiga jioni, wapi! Mwishowe ilibidi apande basi aje mwenyewe. Na unajua alikuja na nini? Jani la isale, Baba. Mwanamume mzima na kitambi chake, amepiga magoti kwenye mlango wa jikoni, jani la kuombea msamaha mkononi, kwa ajili ya kompyuta! Sijui kama mlima huu umewahi kuona kitu kama hicho. Mama akalipokea jani, akampakulia kiburu cha ndizi na maharage. Mimi nilikwenda kucheka nyuma ya zizi.

Lakini neno la Eliya lilikuwa limeshaingia. Lazima ipigwe window, yaani itolewe kila kitu ndani iwekewe upya. Nikakumbuka kwamba ulipoinunua kwa yule Singasinga wa mjini, alikupa na CD zake kwenye bahasha, akakusisitiza uzitunze vizuri. Nikamwuliza Mama ziko wapi. Mama akaanza kucheka. Baba, tangu msiba sikuwa nimemwona akicheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, ndipo akasema ziko shambani.

Shambani! Kule chini, ng'ambo ya Kwa Sadala, kwenye ulezi wa pombe ya mbege. Umezitundika kwa katani kwenye vijiti, zimetemete na jua, ndege waogope. Hapo ndipo nilipokumbuka ulivyonijibu siku ile nilipokuuliza kama hutazihitaji tena: "Zimeshaingia kwenye mashine. Mbegu ikishapandwa, pakiti ya nini?"

Tulikwenda wote watatu, Mama na mabuti yake. CD zilikuwepo, zinaning'inia. Jua lilikuwa limezila mpaka ukizishika unaona upande wa pili. Na juu ya kijiti kimoja, haki ya nani, alikuwa amekaa ndege, ameshiba, anajichokoa manyoya bila wasiwasi wowote. Mama akamwamkia. "Shikamoo, mwenye shamba." Eliya akaketi chini kwa kucheka, suruali yake ya Dar ikaharibika. CD hazikufaa kitu tena, Baba, na ulezi nao hukuuokoa.

Basi nikaifunga mashine kwenye kitenge, nikaipakata mpaka Majengo, kwa fundi mmoja anaitwa Zuhura. Kibanda chake kimebanana na mafundi cherehani. Alipofungua ubavu wa mashine, vumbi, mende, na makapi ya ulezi. Akaniuliza hii ni kompyuta au ghala. Nikamwambia, kwa Baba vyote ni kimoja. Akauliza CD zake. Nikamwambia zinalinda ndege. Alinitazama kama mtu anayepima homa, nikamweleza, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akasema siku hizi CD si lazima, ana kila kitu kwenye flashi. Ila, akasema, kupiga window kunafuta vilivyomo. Humu kuna kitu cha maana?

Nikafungua mdomo nimwambie kuna nyimbo za kwaya. Nikasema, "Yumo baba yangu." Nikalia, Baba. Mchana kweupe, Majengo, mbele ya mafundi cherehani, mimi Manka ambaye wateja wa Kiboriloni wananiogopa.

Zuhura aliacha kucheka. Akasema basi hatufuti kwanza, tunatoa kwanza. Akachomeka flashi yenye mfumo mwingine ndani yake, mwepesi, wa bure, akaiambia mashine iwake kwa kutumia ile flashi na si kwa ule mfumo wake mgonjwa. Ikawaka! Nikapiga kigelegele. Kisha kutokea huko akaingia kwenye mafaili yako, sawa na mtu anayepitia mlango wa jikoni baada ya wa mbele kukwama.

Ee Ruwa, Mungu wangu, uchafu gani ule! Hukuwa na mpangilio, Baba. Faili moja linaitwa "wimbo." Jingine "wimbo mpya." Jingine "wimbo mpya wa kweli." La mwisho "huu ndio." Tukafungua hilo la mwisho, na wewe ukakohoa.

Ukakohoa pale pale Majengo. Ukasema, "Sauti ya kwanza. Akina mama, msipige kelele," ukaanza kuimba kwa ile sauti yako nyembamba ya kuiga wanawake. Cherehani zikasimama, moja baada ya nyingine. Kwenye sauti ya pili kuku aliingia chumbani, ukamfukuza, "Shii! Toka!" na ukarudi kwenye wimbo pale pale ulipouacha. Sauti ya tatu ulipiga vizuri sana. Kisha ukasema, "Sauti ya nne," ukasafisha koo. Kwa mbali Mama anasikika anakuita ule. Ukajibu, "Naja." Basi, ikaishia hapo. Wiki ile ile ndiyo uliyougua.

Zuhura alikopi kila kitu kwenye flashi mbili, akazijaribu zote mbili mbele yangu, ndipo akafuta mashine na kuiwekea ule mfumo mwepesi. Anasema kwa haki hiyo si window, lakini ameniruhusu niite hivyo. Ungeiona sasa! Unabonyeza, kabla hujavuta kiti imeshakuuliza unataka nini.

Kwaya walikuja nyumbani kusikiliza. Wanawake wakacheka na kulia kwa pamoja. Lakini wale wanaume wa sauti ya nne walikaa kwenye benchi, mikono mapajani, hawana cha kusikiliza. Mwenyekiti akasema tuimbe kwa sauti tatu. Eliya akasema tumwite mwalimu wa mjini aitunge iliyobaki. Mimi nikasema mtu akigusa wimbo wa Baba nitamng'ata. Tukaanza kubishana.

Muda wote huo Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Mama yule ambaye katika ndoa yenu yote ulimwambia sauti yake ni ya kuitia ng'ombe, si ya kwaya. Akaja mlangoni na kisu mkononi, akaimba sauti ya nne.

Yote, Baba. Chini kabisa, taratibu, tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hakukosea mahali. Kumbe kila asubuhi yeye akikamua na wewe ukimshika ndama, ulikuwa unaivumisha puani, na yeye yuko upande wa pili wa ng'ombe, anasikiliza. Wale wanaume wakasimama. Akawarudisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akawafokea, "Mnaburuta!" kwa neno lako hilo hilo, na sura yako hiyo hiyo.

Siku ya Mavuno wimbo uliimbwa. Kanisa lilisimama bila kuambiwa. Nje kwenye mnada Eliya alipandisha bei ya jogoo mmoja kwa furaha mpaka tukaogopa, na jogoo mwenyewe ni wetu, ndiye tuliyemtoa sadaka.

Tuliporudi, Mama alivua viatu, akakaa kwenye kiti chako, akaniambia nibonyeze pale pa kurekodi. Akasema, "Sauti ya nne." Akaimba. Jana Zuhura alinionyesha jinsi ya kuziunganisha zote ziimbe kwa pamoja. Wewe juu, wewe katikati, wewe tena, na Mama chini amewabeba nyote. Mama alisikiliza, shavu kiganjani, kisha akasema nirudie. Nikarudia. Akasema tena.

Aika, Baba, asante. Aika mbe. Pumzika kwa raha. Flashi moja iko kwenye sanduku la Mama, nyingine iko kwangu, na nakuahidi mbele za Mungu: mashine hii itazeeka tena, itapigwa window na mafundi ambao hata hawajazaliwa, lakini hakuna atakayeruhusiwa kufuta kitu kabla hajakaa akawasikiliza ninyi wawili mpaka mwisho.

Mwanao,
Manka