Jora la Njano

Jumatano, 2 Desemba 1953

Nta imechemka tangu asubuhi. Kuni zimelowa, moshi mtupu, macho yananiwasha mpaka sasa. Vijana wamekamua masega kwenye gunia, mmoja huku, mwingine kule, mimi katikati nikiwapigia kelele. Nta safi. Ya juzi imeshafika stesheni, itaondoka na gari moshi la Dar es Salaam. Nyuki wamejaa uani, wamemuuma kondoo wa jirani. Jirani kanuna. Anune.

Mwaka huu Mungu kanipa. Asali ya Bukene imekuja debe juu ya debe. Basi nimeamua. Noeli hii nitawavisha watoto wa kulelewa, wale ambao misheni huwakabidhi kwa watu majumbani wakishafiwa. Mimi mwenyewe ni wa kulelewa. Baba alichukuliwa kubeba mizigo ya askari wakati wa vita vya Mjerumani, kwenye njia ile ile ya misafara ambayo babu alipita akibeba pembe za ndovu. Hakurudi. Mama akafa kwa njaa iliyofuata. Bibi Nyamizi wa Kwihara akanichukua, wala hakuwa ndugu yangu. Sikuwahi kumpa chochote cha maana, na sasa hayupo. Nitawapa hawa.

Jumamosi, 5 Desemba

Nimenunua jora zima dukani kwa Mhindi. Njano, maua madogo mekundu. Kaapa hakuna lingine Tabora nzima. Nimelipeleka kwa Fundi Mrisho, barazani kwake hapa Kanyenye. Magauni kwa wasichana, mashati kwa wavulana, kitambaa kimoja wote. Nataka waonekane. Magauni yawe na marinda mengi.

"Bibie, kwa marinda haya mtoto akipulizwa na upepo atapaa."

Nimemwambia ashone, asinifundishe.

Jumanne, 8 Desemba

Baada ya misa Sista wa misheni kanitajia nyumba wanamolelewa, moja moja. Bado nimeduwaa.

Nilidhani watoto hao wako mbali huko, vijijini. Kumbe wako hapa hapa. Yule mvulana wa mwashi, anayebeba mchanga akiimba. Wale wasichana wa nyuma ya soko. Na Shija! Shija wa Mama Kulwa!

Mama Kulwa ni mteja wangu wa siku nyingi. Anapika wanzuki, pombe yetu ya asali, na hakuna anayemshinda. Ana mapacha, Kulwa na Doto. Sisi Wanyamwezi, anayezaliwa baada ya mapacha, tumbo lile lile, ndiye Shija. Jina hilo haliokotwi. Kumbe mama mzazi alikufa kwa homa stesheni ya Bukene, kichanga kikabaki kwenye mkeka. Mama Kulwa alikuwa anasubiri gari moshi. Akakibeba mgongoni, akaenda kwa Sista kuomba ruhusa, akakipa jina la tumbo lake mwenyewe.

Miaka yote hii mtoto anakuja kwangu na chupa ya asali. Nami nimekuwa nikisema kachukua pua ya mama yake!

Nimesahau hata kula.

Jumatatu, 14 Desemba

Magauni yanatundikwa barazani kwa Fundi, watu wanasimama kutazama. Mvulana wa mwashi anajua hali yake, hana neno. Kila jioni anapita kuona shati lake limefika wapi. Katekista amekubali. Baada ya misa ya Noeli watoto watasimama mbele, wapewe nguo zao, kanisa lote lione. Nimejichagulia benchi la mbele. Nina furaha, nisiseme uongo. Nataka kuonekana na mimi.

Jumapili, 20 Desemba

Katekista katangaza. "Watoto wote ambao misheni iliwatoa kulelewa, Noeli watasimama mbele kupokea zawadi ya Mama Paulina." Nikaiweka sawa khanga yangu. Nikangoja vigelegele.

Kimya. Mtu akakohoa.

Nje, wanawake walinipita. Wengine walinisalimia huku wanatazama pembeni. Watu hawana shukrani. Nimerudi nyumbani nimefura.

Jumatatu, 21 Desemba

Hakuna aliyekuja kununua asali. Hata mmoja.

Saa nne akaja Mama Kulwa. Nikampa kigoda, akakataa. Kasimama mlangoni na mwavuli unachuruzika.

"Dada Paulina, Shija hajui."

Nikauliza hajui nini. Mjinga mimi.

"Jana wenzake bombani wamemwambia, 'Na wewe ni wa Sista, utapata gauni.' Kaja mbio kuniuliza kama ni kweli atapata gauni. Anacheka. Anadhani Sista anagawa tu. Akisimama mbele, atajua. Akibaki amekaa, kanisa lote litanong'ona, mbona yule kabaki. Atajua vilevile."

Nikasema samahani. Neno dogo, limetoka dogo zaidi.

"Sikatai ajue," akasema. "Siku ya kujua nitaichagua mimi, akiwa amekaa mapajani pangu. Si mbele za watu, kwa ajili ya gauni."

Akaondoka. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Jumanne, 22 Desemba

Mimi niliambiwa kisimani, Kwihara. Mwanamke mmoja aligombea zamu ya maji. "Wa kuokotwa, rudi nyuma." Nikarudi nyuma. Nyumbani nilikataa ugali. Bibi Nyamizi hakuuliza kitu, aliketi karibu yangu mpaka chakula kikapoa. Tangu siku ile, kila akinitendea jema nilijiuliza kama ni huruma tu. Alikufa sijapata kumuuliza. Na hilo ndilo nililokuwa namfungia Shija kwenye marinda, nimletee Noeli! Nililia, kisha nikaosha uso, nikaenda misheni.

Sista anasema tufute yote. Lakini mvulana wa mwashi je? Atapita barazani leo jioni aone shati limeondolewa? Na kufuta hakutafuta maneno ya bombani. Maji yameshamwagika. Nimezunguka mji mzima sioni njia, viatu vimejaa tope.

Mwisho nikaenda kwa Mama Kulwa mwenyewe. Alikuwa anachuja wanzuki. Watoto wake watatu wanagombania kikombe cha kuonja, Shija ndiye mwenye kelele kuliko wote. Nikamwambia sina akili tena, anisaidie. Aliwatazama wale watatu.

"Nguo zimekwisha?"

"Zimekwisha."

"Nipe zote. Na vipande vilivyobaki. Na mkasi."

Nikampa. Sikuuliza. Ni mara ya kwanza mwaka huu sijauliza kitu.

Alhamisi, 24 Desemba

Siamini niliyoyaona leo.

Uani kwangu, chini ya banda la kuchemshia nta, wamejaa wanawake. Wale wale walionipita Jumapili. Mama wa kina nani, sijui, na sasa najua nisiulize. Wanafumua. Yale marinda yangu yote wanafumua! Rinda moja linatoa kola mbili. Mkono wa gauni unakuwa kofia. Vipande vya jora vimekuwa mifuko, mikanda, vilemba vya vichanga. Wamekaa mikekani, miguu wamenyoosha, wanakata na kucheka, wanamtania mkwe wa mtu. Mtoto akilia anachukuliwa na aliye karibu, anamnyonyesha au anampa kidole cha asali. Nilijaribu kufuatilia huyu anatoka kwa nani anakwenda kwa nani. Nikapotea. Wamefanya hivi miaka yote, mlangoni pangu, na mimi nikiuza asali sikuona.

Nilimuuliza Mama Kulwa, katekista akishawaita itakuwaje?

"Akiita, wasimame watoto wote, wa kila nyumba. Nani atamhoji mtoto, wewe ni wa nani? Yeye?"

Fundi Mrisho kafika, kaona mishono yake inafumuliwa, kashika kichwa. "Mmeniua, mama zangu!" Wakamweleza. Akaondoka, nikajua kakasirika. Akarudi na cherehani kichwani. Akaiweka kati ya madebe akaanza kushona kofia, nyuki wanamzunguka masikioni. "Mimi si wa Noeli yenu," akasema, "lakini mtoto ni mtoto."

Shati la mvulana wa mwashi hawakuligusa, wamelibakiza zima. Amelisubiri sana.

Kabla hawajaondoka Mama Kulwa kanishika mkono, kanifunga utepe wa njano kwenye kifundo. Sikumwambia habari ya Kwihara. Labda watu walishamwambia. Labda anajua tu. Nimekaa na utepe huu sijaufungua, hata wakati wa kuosha vyombo.

Ijumaa, 25 Desemba. Noeli

Nimekaa nyuma, karibu na mlango.

Misa ikaisha, katekista akasimama, karatasi haina majina, midomo imemkauka. Alikuwa ameshasikia maneno ya mji. "Wale watoto... waje mbele."

Kanisa lote likaenda mbele.

Watoto wakainuka kila benchi, kila pembe. Njano shingoni, njano kichwani, njano mfukoni. Mama wakiwasukuma kidogo mgongoni, nenda, nenda. Wenye vichanga wakaenda navyo. Kulwa kamshika Shija mkono huu, Doto mkono ule, wote watatu wana kola ya njano, Shija anatembea anaruka. Mvulana wa mwashi kifua mbele na shati lake, akiwaongoza wengine. Hata watoto wa Fundi Mrisho, Waislamu wale, walikuwa mlangoni na kofia za njano, wakichungulia, mmoja akaingia akajipanga na wenzake. Hakuna aliyemtoa.

Sista alikuwa analia waziwazi.

Nikatazama. Kwa makusudi nilitazama, mimi niliyetajiwa nyumba moja moja. Nikatafuta wale wasichana wa nyuma ya soko. Sikuwajua! Naapa, sikuwajua. Niliona watoto tu, wamejaa mpaka madhabahuni, wanasukumana, mmoja anachokonoa pua. Ndipo vigelegele vikapigwa. Havikuwa vyangu. Nikashika nguzo.

Bibi Nyamizi, haikuwa huruma. Leo nimeona inavyofanyika, na haifanani na huruma hata kidogo.

Jumamosi, 26 Desemba

Mvua imekatika. Tumewasha moto wa nta, kuni bado mbichi. Nyuzi za njano ziko kila mahali uani, nyingine zimeingia kwenye nta, itabidi nichuje upya. Fundi kasahau mkasi wake.

Jirani kaja kulalamika tena habari ya kondoo. Nimempa kibuyu cha asali, kapoa.

Saa tano akaja Shija na chupa. Kola imeshachafuka kwa maembe. Akanisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba. Akakaa kigodani akichezesha miguu.

"Mama Paulina, wale watoto wa kulelewa walikuwa nani na nani?"

Nikawa napanga debe. Nikapanga tena.

"Nilitazama sana, mwanangu. Sikumjua hata mmoja."

"Hata mimi," akasema, na akaanza kulamba asali ya mdomoni mwa chupa.

Nikamjazia. Nikamwambia amsalimie mama yake.