Ati Nimemfunga Marehemu Mdomo kwa Tisheti

Mama Chesang wa ushauri, niaje. Naandika nikiwa na hasira hadi kalamu inatoboa karatasi, kwa hivyo ukiona mahali nimeandika vibaya laumu watu wa Misikhu, na pia shule niliacha kidato cha pili sababu ya mambo ambayo si ya leo. Naitwa Kibe, natengeneza tisheti za hafla hapa Kitale, za harusi, za mikutano ya ukoo, za matanga, na bila kujisifu mimi ndiye mkali wao, uliza mtu yeyote kuanzia mtaa wa Kipsongo mpaka kule mji wa Kwanza, atakuambia ukitaka sura ya mtu itoke kwa kitambaa kama anakupumulia, tafuta Kibe.

Sasa niko na msichana anaitwa Nekesa, anasuka nywele kibanda cha pili kutoka kwangu, kwao ni Misikhu huko Bungoma, na tulikuwa tumependana vizuri hadi wazazi wangu wakakubali kwenda kwao Desemba kujitambulisha. Halafu babu yake Mzee Wakoli akafariki, na huyo mzee si mtu wa hivi hivi, yeye ndiye alikuwa anaitwa kwa kila matanga kuongea na kutuliza watu, akisimama hata watoto wananyamaza, mpaka ugonjwa wa kupooza ukamshika akakaa karibu mwaka mzima bila kutoa neno. Familia ikataka tisheti nyeupe, picha ya mzee mbele. Nekesa akawaambia, "Niko na mtu." Huyo mtu ni mimi.

Mama, hiyo picha niliipika. Nilitafuta ya zamani akiwa amesimama anaongea, mdomo wazi, mkono juu, nikaisafisha, nikamwekea kamwanga nyuma ya kichwa. Nikatandika tisheti mezani, nikapima kutoka kola mpaka chini, nikatafuta katikati kabisa, nikaichoma na mashine ya moto picha ikashika kitambaa, na pale mezani ilikaa safi hata wewe ungenunua bila kuwa na matanga. Nekesa alipita akasema, "Kibe, si hiyo iko chini sana, ipandishe, kwetu wamama kwa matanga hufunga leso." Nikamwambia, "Wewe suka nywele, hii ni sanaa." Nilikuwa natania tu, nikacheka, yeye hakucheka sana lakini hiyo haihusiani.

Siku ya mazishi nikafika Misikhu nimevaa yangu, viatu nimepiga rangi, nikijua leo mashemeji watanibeba juu juu. Naona wanawake wote wamevaa tisheti juu ya nguo zao, halafu kila mmoja amefunga leso kiunoni sababu wanabeba maji, wanasonga ugali, na pale leso imefungwa ndipo mdomo wa mzee uko. Ukiwaangalia mbele unaona pua na macho ya Mzee Wakoli yakichungulia juu ya fundo la leso, kama mtu amefungwa kitambaa na wezi. Wengine walikuwa wamefunga juu zaidi, imebaki macho tu.

Shangazi yake Nekesa, anaitwa Phelista, mama mmoja ako na sauti ya kengele ya shule, akanishika mkono mbele ya tenti.

"Wewe ndiye wa tisheti?"

Nikasema ndiyo mama, nikidhani ni pongezi.

"Baba yetu amekaa mwaka mzima bila kuongea. Leo tunamzika, na wewe unamfunga mdomo tena?"

"Mama, si mimi nimefunga leso. Si mfungue tu."

"Tufungue? Kwani hapa ni disko, kijana wa Kitale?"

Watu wakajaa. Mjomba wao Mukhisa akauliza ati nani amenituma, nani kwa huu ukoo hataki mzee aende akiongea. Mimi mambo ya ukoo wao nitajulia wapi bana. Nikaona hapa nitachapwa, nikasema tu kitu ya kujitoa, nikasema Nekesa ndiye aliniambia niweke hapo. Ni maneno tu ya kutuliza watu, hata Mzee Wakoli alikuwa anatuliza watu na maneno. Nekesa alikuwa amesimama hapo na sufuria, akaniangalia, akaenda jikoni. Nilirudi Kitale peke yangu.

Tangu hiyo siku haongei na mimi. Amegeuza kiti chake akisuka ananipa mgongo, na kwao wamesema nisikanyage, mambo ya Desemba hakuna. Na mimi nimekasirika zaidi yao. Si makosa ni ya leso? Picha niliweka katikati, na katikati ni katikati hata Ulaya. Sasa nimepanga kuchoma tisheti nyingine, sura ya huyo shangazi akiwa amefungua mdomo wote, niiweke juu kabisa karibu na koo ndio waone najua juu ni wapi, nivae niende soko la Misikhu nitembee polepole. Vijana wenzangu wanasema hiyo ni moto. Niambie tu nitumie rangi gani, na unisaidie Nekesa aelewe kwamba mimi ndiye nimekosewa.

Ni mimi Kibe, mkali wa tisheti, Kitale.

*

Kibe,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nimesimama kwa sababu kukaa kulinishinda. Rangi hakuna. Hiyo tisheti ya shangazi usiichome, na kama umeshaichoma, ipasue iwe tambara la kupangusia mashine yako.

Tuanze na kazi, maana unajiita mkali. Ulipima tisheti ikiwa imelala mezani. Nani angeivaa akiwa amelala mezani? Tisheti inavaliwa na mtu, na mtu ana kifua, ana tumbo, anainama, anafunga leso. Picha ya mbele huanza vidole vinne chini ya kola, ikae kifuani, isishuke mpaka kwa kitovu. Mashine hiyo sijawahi kuigusa, lakini nimesonga ugali wa matanga nikiwa na tisheti ya marehemu kifuani, na kila mwanamke wa huko amefanya hivyo. Mmoja wao alikuambia mapema, ukamjibu aende akasuke nywele.

Ukurasa mzima umegombana na leso, halafu jambo lenyewe umelipitisha kwa haraka kama mtu aliyebeba kuku wa kuiba ndani ya koti. Siku msichana anamzika babu yake, mbele ya shangazi zake, ulimtwika kosa ambalo yeye ndiye alijaribu kulizuia. Angesema nini pale na sufuria mkononi? Akikukana, mwanamume ambaye yeye aliwaambia watu wake wamngoje Desemba anaonekana mwongo. Akinyamaza, ni yeye amemdharau babu yake. Alinyamaza, ukatoka bila kuchapwa. Na bado una mdomo wa kuniuliza nani amekosewa.

Pole nakupa moja, na ni ya kweli. Wengine wangetoa picha ya kitambulisho, wewe ulimtafuta mzee akiwa anaongea. Ulimpenda mzee wa watu bila kumjua. Ndiyo maana iliwauma hivyo.

Sasa sikiza. Kesho nenda kwa kiti cha Nekesa, wateja wakiwepo, bila soda wala zawadi, umwambie: uliniambia niipandishe nikakataa, na kule kwenu nilisema uongo. Ishie hapo. Neno "lakini" uliache kibandani. Akikupa mgongo, ongea na huo mgongo, kisha urudi kazini.

Halafu mpigie Mukhisa simu, kwa adabu, uombe ruhusa ya kufika bomani kwao. Wale vijana wenzako waache Kitale, nenda na baba yako. Ukifika, simama pale pale mbele ya shangazi Phelista na useme maneno hayo hayo, useme Nekesa alikuonya. Akikugombeza, mwache amalize, usimkatize hata kwa kutingisha kichwa.

Beba tisheti moja tupu na ile picha ikiwa kwenye karatasi. Omba nyanya yake Nekesa, mjane wa mzee, aivae na afunge leso yake vile hufunga siku zote. Karatasi mpe Nekesa, kama atakuwa amekuja na atakubali kuishika. Mahali atakapoiweka kwenye tisheti, weka alama, na nisisikie habari ya katikati. Rudi Kitale uichome hapo hapo kwenye alama, uipeleke.

Kuhusu Desemba sitakudanganya, hiyo si yako kupanga tena. Siku nyanya atakapofunga leso na mdomo wa Mzee Wakoli ukabaki nje, muulize Nekesa kama unaweza kukaa. Akisema hapana, shukuru uende, na usimchore mtu kwa tisheti. Akisema kaa, kaa, na umwache aongee yeye.

Mama Chesang