Simu Uliyopiga Chini ya Jabali la Sigiriya

Ndugu yangu Ndiema,

Hapa Kitale mvua imeanza, mahindi yamefika magotini. Ofisini nimehamia meza yako. Anayefungua mlango husita kwanza, kisha anakumbuka.

Watu huniuliza ulivyokufa tu. Hakuna anayeuliza tulivyotembea Sri Lanka.

Mafunzo ya majani chai yalipoisha, tulipewa siku moja ya kutembea. Asubuhi tuliona ndovu wakioga mtoni. Mmoja alimmwagia maji yule mwenzetu wa Uganda, suti yote ikalowa, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Halafu njiani askari wakatushusha, wakapekua mifuko. Nchi yao nayo ilikuwa na vita. Ukaninong'oneza, "Wanjala, hata huku?"

Kisha Sigiriya. Jabali lile limesimama peke yake katikati ya msitu. Pale kwenye makucha ya simba wa mawe, kabla ya ngazi za chuma, kulikuwa na kibao cha kuomba watu wanyamaze. Aliyetutembeza akaelekeza kidole juu: viota vya mavu, vyeusi, vinaning'inia mwambani. "Kelele ikizidi, wanashuka," alisema. Tukapanda kimya watu wote, hata watoto. Ukanivuta shati.

"Hivi ndivyo kwetu Cheptais iko sasa, bana, tangu vita vya mashamba vianze. Watu wanatembea hivi hivi."

Kule juu kulikuwa na upepo, na msitu mpaka macho yanaposhindwa. Wenzetu walipiga picha. Wewe uliuliza nyumbani ni upande gani.

Tuliposhuka, ulipiga simu kwenye kibanda kilichokuwa pale chini. Mama yako akakuambia jirani wa juu amehama na mlango ameuacha wazi. Nilikusihi: tukifika, tuma mtu amlete mama Kitale, usipande mlimani wewe. Ukasema, "Mama hawezi kutoka kwa sababu ya mtu wa kutumwa. Lazima anione."

Ukapanda.

Mama anasema ulikuwa unamfungia nguo zake kwenye leso wale wenye bunduki waliposukuma mlango. Ulisimama mbele yake. "Shamba chukueni. Mama mwacheni apite." Walimwacha apite. Wewe... Ndiema, siwezi kuandika hiyo.

Tulimleta mama kwangu. Kitanda alikikataa, akawa anakaa karibu na mlango, mchana kutwa, akisikiliza. Nilimwonyesha ile picha yako na ndovu. Akaishika muda mrefu, halafu akauliza, "Siku hiyo alikuwa amekula?" Nikamwambia ulikula vizuri, wali na samaki, ukaongeza.

Sasa kuna jambo lingine. Wiki iliyopita mtu nisiyemjua aliingia ofisini. Nilimpa kiti, hakuketi. Aliuliza mkeo Chebet na watoto walihamia wapi, ati ana salamu zao. Nilipomuuliza jina, alitabasamu akatoka. Jana nimemwona tena ng'ambo ya barabara. Hakuwa ananunua kitu, hakuwa anangoja gari. Alikuwa anaangalia dirisha hili.

Kwa hivyo nimewahamisha wote, mama pamoja nao. Walitoka asubuhi na watu waliokuwa wakienda kanisani, wamevaa vizuri, bila mzigo. Hata wewe sikuandikii ni wapi.

Lala, ndugu yangu. Watoto watasoma, mama hatakosa chakula. Na huyo mtu akirudi kuuliza, mahali walipo hatapasikia kwangu, hata afanye nini.

Wako,
Wanjala