Salamu za Mzee Masele

Mariana, niko kwenye kompyuta ya duka la baba, nimeharibu kazi. Usicheke!

Si unajua maelekezo ya ile programu yetu ya bure ya maktaba yalivyotapakaa kwenye tovuti tatu? Juzi nikayaunganisha kwenye tovuti moja, zile tatu nikazifunga. Nikafuta na salamu za Mzee Masele wa Tinde, aliyeyaandika maelekezo hayo. Kila ukurasa anauanza kama barua: "Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo..." Aya nzima! Nikafyeka zote.

Leo nimeweka toleo jipya la programu, nikifuata maelekezo yangu mwenyewe. Diski iliyohifadhi tovuti ikafutika. Tovuti yote, Mariana. YOTE!

Nikamwita Mzee Masele. Akaja, akatazama. "Gulnaz, mbona hukunakili kwanza kwenye disketi?"

Nikamwambia hilo halijaandikwa popote.

"Niliandika. Kwenye salamu."

Kwenye salamu! "...wadogo hamjambo, na kabla ya yote nakilini kazi zenu."

Akatoa mfukoni disketi yenye kurasa zote za zamani. Nikanyoosha mkono. Akairudisha mfukoni.

"Tangu niingie hujaniamkia."

Nimeshamwamkia mara nne. Anasema bado hajasikia.