Wanunuzi wa Jina la Nyamsindo

Jumatatu, 8 Aprili
Mvua tena. Nimetoa magunia ya mchele nje, nikayaingiza, nikayatoa, nikayaingiza. Biashara hakuna. Aliyekuja ni dalali kutoka Dar es Salaam, viatu vimechongoka, suruali imejaa tope la Ikwiriri. Hataki mchele. Anataka jina.

Jina langu la intaneti. Mwaka jana nilipopeleka ufuta Dar, Juma, mtoto wa dada yangu, alinionyesha pale anapofanya kazi, duka la intaneti Kariakoo, kwamba majina yanauzwa kama viwanja. Wa kwanza kufika ndiye mwenyewe. Nikauliza kama Nyamsindo imeshachukuliwa. Bado. Nikainunua. Kisiwa chetu kule delta, alikozikwa baba. Bakari, mume wangu, alisema nimenunua hewa. Leo hewa imepata mteja.

Dalali aliuliza bei kabla ya salamu. Nimemfukuza.

Jumanne, 9 Aprili
Bado ananiudhi yule dalali. Kwenye ufuta wamejaa watu wa namna ile. Hafungui gunia, hatii mkono, haonji. Anataka kumuuzia mwingine kabla jua halijazama. Hata ungemjazia mchanga, asingejua. Hana nia mbaya na Nyamsindo. Hana nia yoyote.

Alhamisi, 11 Aprili
Mwalimu Seif kaja kutoka Kibiti. Mstaafu, kwao Nyamsindo kama kwetu. Kasikia habari za jina. Anataka kuweka habari zetu humo, dunia ijue mpunga wetu. "Mwanangu, mfukoni sina kitu, ila nalitaka kweli."

Huyu ni mnunuzi mlaji. Yule anayetafuna punje, ananusa, anauliza umelima bonde lipi. Ukimnyima anaumia. Nimemwambia siuzi, lakini aanze kuandika. Kaondoka anacheka peke yake.

Jumapili, 14 Aprili
Wa tatu. Huyu kaja na gari. Salamu kwanza, viatu kavua mlangoni. Nimempa kahawa ya tangawizi. Mtu wa kampuni ya hoteli. Kanionyesha kitabu cha picha: mto wetu, mikoko yetu, ndege wetu. Dungu la kulindia mpunga hata moja hakuna. Mtu hakuna. Chini maneno ya Kiingereza, akanifasiria huku anatabasamu: Nyamsindo, kisiwa kisichokaliwa.

Mama yangu mzazi yuko juu ya dungu sasa hivi, anafukuza ngedere kwenye mpunga! Na majirani zake wote.

Nilimwambia siuzi. Hakubisha. Bei hakutaja. Aliuliza tu nililinunua lini. Nikamtajia kwa majivuno. "Hatuna haraka, mama," akasema, akaomba kikombe kingine.

Jumatatu, 15 Aprili
Nimeamka na wasiwasi. Mnunuzi asiyetaja bei namjua. Ni yule wa miezi ya njaa. Anakaa barazani kwako, anaulizia watoto, anaulizia ghala. Anangoja. Debe la mwisho likiisha ndipo anataja bei yake, mpunga wako ungali mbichi shambani, na wewe unamshukuru. Sasa mimi nangojewa niishiwe nini?

Nimekwenda kwenye duka la simu kumpigia Juma. "Mama mdogo, si nilikwambia? Jina linalipiwa kila mwaka, kama leseni." Sikumbuki. Mimi nililinunua kama shamba, ukishanunua umenunua. Kumbe mwisho wake Ijumaa hii. Baada ya hapo linarudi sokoni. Na yule bwana anaijua tarehe. Nimempa mwenyewe, nikimmiminia kahawa.

Kadi ya benki ya kulipia jina ni ya tajiri wa Juma, na tajiri hakopeshi mtu. Anataka fedha mkononi. Bakari anasema nimpe utingo wa basi apeleke. Sithubutu. Nakwenda mwenyewe. Kasema barabara imekufa. Nimemwambia nami sijafa.

Jumatano, 17 Aprili
Bungu. Basi limezama tangu jana. Tope mpaka mlangoni. Abiria wanasukuma, nami nimesukuma. Mwanamume mmoja kaniambia, "Mama, kaa kando." Sikukaa.

Gari la yule bwana wa hoteli limetupita, magurudumu yote yanavuta, vioo juu. Hakututazama. Najua kabla ya Ijumaa hawezi kufanya lolote. Hata hivyo nimerudi kusukuma kwa hasira.

Alhamisi, 18 Aprili
Nimeliacha basi. Nimepata lori la mkaa. Nakaa juu.

Ijumaa, 19 Aprili
Kariakoo. Uso mweusi kwa mkaa, Juma hakunitambua. Tajiri wake kaenda swala ya Ijumaa. Tumengoja. Kila aliyeingia nilidhani ni bwana wa hoteli.

Tajiri akarudi. Limelipiwa.

Nikauliza kama naweza kulipia miaka mingi kwa mkupuo. Inawezekana. Nimetoa na fedha ya mabati ya jikoni. Bakari atapiga kelele. Apige.

Jumamosi, 27 Aprili
Mvua imekatika. Magunia yako nje.

Bwana wa hoteli kaja asubuhi. Salamu ile ile, viatu mlangoni. Kahawa nimempa, nyumba yangu hainyimi mgeni. Safari hii bei kaitaja, na kubwa. Nimemwambia hapana. Kikombe kakiacha nusu.

Mchana kaja Mwalimu Seif na karatasi zake. Jumatatu anampelekea Juma aziingize. Anauliza tuanze na nini, historia au mpunga. Nimemwambia tuanze na majina ya watu wenye madungu, mmoja mmoja, kuanzia mtoni. Akashika kalamu.

Dungu la kwanza ukishuka mtumbwini ni la mama. Nimemtajia jina lake kamili, akaliandika. Chini yake nimemwambia aongeze: yupo.