Diski Mbili, Ufunguo Mmoja

Mpendwa Mama Mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi upande wa jua, na kwamba wauguzi wa mashine ya figo wanakuchoma sindano kwa mkono mwepesi. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza, na asubuhi mbwa wanagombania majivu yenye joto. Najua Lorraine wa hapo hosteli ndiye atakayekusomea. Lorraine, soma bila hofu, jina la mama halimo humu.

Wote wanakusalimu. Yule binti wa dukani aliyekuwa na jina moja na mama bado tunamwita Kunmanara, kama tunavyomwita marehemu na kila mwenye jina lisilotajwa tena, naye amechoka. Juzi alisema akiitwa hivyo wanageuka watu watatu, na kwamba akizaa mtoto atamwita Meza, maana hajasikia meza iliyowahi kufa. Tulicheka.

Sasa nikueleze habari za mashine ya redio, ile kompyuta ya kituo chetu, kwa kuwa ulipokuja nilikuambia nusu tu. Ile ya zamani, iliyojaa vumbi jekundu, ndiyo iliyobeba nyimbo na hadithi zote za mama. Baada ya mazishi diski yake ilianza kukwaruza kama jiwe la kusagia mbegu. Niliogopa. Sauti yake hatuisikilizi mpaka wewe useme msiba umetosha, lakini kutoisikiliza ni jambo moja na kuipoteza ni jambo jingine.

Desmond, mratibu wetu kutoka Adelaide, alileta mashine mpya yenye diski mbili, akaiandaa mwenyewe siku ambayo sikuwapo. Mashine hizi zinapowekewa mfumo huuliza zitaitwa nani, naye kwa upendo wake akaipa jina la mama. Kila ilipowashwa, jina lilijipanga kwenye kioo. Shangazi Tjariya aliingia kuuliza matangazo ya mpira, akaliona, akafunika macho na kutoka kinyumenyume. Tangu hapo hakuna mtu aliyeingia. Desmond alidhani watu wameichukia rangi ya mashine. Nilipomweleza aligeuka mwekundu kuliko vumbi letu, akasema alitaka kumheshimu tu. Shangazi, aliyekuwa nje ya dirisha akisikiliza kila neno, akamwambia, we Desmond, heshima yako ina kwato, inakanyaga kila kitu. Kisha akampitishia kipande cha mkate wa kuoka majivuni, ale, asije akatufia kwa aibu tukalazimika kulificha na jina lake.

Desmond alitaka kubadilisha jina peke yake. Nilikataa, kwa sababu jina huingia katika pembe nyingi za mashine. Nikamwambia tufute diski zote mbili tuanze upya, na safari hii mikono iwe yangu. Kwenye kila diski niliacha sehemu ndogo isiyofungwa, maana mashine lazima iwe na mahali pa kuamkia. Sehemu zilizobaki niliziunganisha zikawa pacha: kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule papo hapo, ikifa moja nyingine inaendelea. Juu ya pacha hao nikagawa vyumba viwili. Kimoja ni cha kazi za kila siku. Cha pili ni cha waliotutoka, na kina kufuli lake. Yaliyomo huvurugwa, na asiye na maneno ya kufungulia hukuta mchanga mtupu, hata akizibeba diski zenyewe.

Kabla ya kuendelea mashine ilinionya kwamba kila kilichokuwamo kitafutika, ikataka niandike ndiyo kwa herufi kubwa. Hakukuwa na kitu humo isipokuwa lile jina. Nikaandika, kama tulivyofagia nyayo zake uani baada ya kumzika. Jina jipya ni Rasti, la mbwa wa ofisini. Shangazi anasema linafaa, wote wawili wanakula nyaya na hawana shukrani.

Nilipokwisha kuhamisha sauti, bila kusikiliza hata moja, Desmond aliniambia nichomoe diski moja ili tujaribu. Nikaichomoa. Mashine ililalamika, lakini kila kitu kilikuwapo. Nikairudisha, ikajijaza upya kutoka kwa pacha wake. Ndipo nilipoifuta ile mashine ya zamani.

Kisha lori linalobeba mashine ya figo likakuleta nyumbani kwa siku chache. Chumba kile hukubali funguo zaidi ya moja, nikakuomba uandike maneno yako kando ya yangu. Ulinisukuma uso, ukaniambia nitazame ukutani, tangu utotoni nina macho ya kunguru.

Mama Mkubwa, baada ya wewe kuondoka nilikifungua chumba. Ilikuwa mchana, ofisi tupu. Nilivaa visikilizio. Nilijua wimbo ule unavyoanza: kabla ya kuimba ananiambia niache kutafuna, nyama yangu itasikika redioni. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Sikubonyeza. Nilijua nikisikia leo nitarudi kesho na keshokutwa, na msiba wangu hautaisha kamwe. Nikakifunga chumba, nikaondoa ufunguo wangu. Mashine haikunibishia, kwa kuwa wako ulibaki.

Kwa hiyo sasa ni wako peke yako. Desmond hajui, na akijua atanigombeza, kwani ndiye aliyenifundisha kwamba kitu kilichoko mahali pamoja tayari kimeanza kupotea. Nimeiweka sauti ya mama mara mbili, lakini ufunguo wake nimeuacha katika kichwa kimoja tu, cha mtu ambaye damu yake inasafishwa kwa mashine. Nisamehe kwa kusema wazi. Ninakuogopea wewe zaidi ya ninavyoziogopea diski.

Lori likija tena, chagua mtu mmoja unayemwamini, aweke maneno yake. Nitawaachia mashine imewashwa, nami nitakaa kwa Shangazi mpaka mmalize na kuondoka. Usiniambie umemchagua nani, hata nikikusihi. Nami nitakusihi.

Wasalimie dada zangu wote wa hapo hosteli, na Lorraine umpe asante kwa sauti yake. Jifunike vizuri usiku.

Mwanao anayekupenda,
Rhoda